Taa za sola za pointi kwenye yadi yetu Changamwe: nzuri sana, lakini uliza kwanza sensa (kile kidude cha kuhisi) inasoma nini

Watu wa saidingi za jirani, yaani zile njia za pembeni za kuegesha na kupakia mabehewa, wamekuwa wakiniuliza kila tukikutana kuhusu zile taa za kijani na manjano tulizofunga kwenye pointi zetu, kama zinafanya kazi kweli ama ni mapambo, na mmoja wao bosi wake anataka kujua kabla hajatoa pesa, basi nimeona niandike yote kwa kirefu. Mimi ni shanta, kazi yetu ni kupanga mabehewa usiku na mchana kwenye yadi ya mzigo huku Changamwe, ile reli ya zamani ya upana wa mita moja iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, sio SGR, ile reli mpya. Kule SGR pointi za njia kuu zinaendeshwa kwa mitambo ya kompyuta, mtu amekaa ofisini, na taa za ishara ndo zinamwambia dereva njia imewekwa vipi. Sisi bado ni mkono. Unavuta leva, ndimi zinahama, unamulika tochi, unampa dereva ishara aje. Kwa hivyo ninayosema hapa ni ya watu wa leva na tochi.

Kwa ambaye hajawahi kusimama karibu na pointi, ni pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Kuna vyuma viwili virefu vilivyochongwa ncha, ndo hizo ndimi, ukivuta leva zinateleza pamoja kwenda upande mmoja, ulimi mmoja unabana reli ya pembeni na mwengine unaacha nafasi ya mdomo wa gurudumu kupita. Dereva wa treni hana usukani. Akija kutoka upande wa ncha, ndimi zilipolala ndipo anapokwenda, apende asipende, na kama ulimi haukubana sawasawa basi gurudumu moja linafuata njia hii na lengine linafuata ile, hapo behewa lishalala kwenye kokoto. Sasa fikiria usiku, mvua inanyesha, injini inasukuma mabehewa yako mbele yake na dereva haoni chochote isipokuwa tochi ya shanta. Kujua pointi imelala wapi, na kujua mapema, ndo kazi yenyewe.

Kabla ya hizi taa tulikuwa na vibao vya bati juu ya leva, vimepakwa rangi, vingine vina stika za kuakisi mwanga. Mchana vinatosha kabisa. Usiku vinaonekana tu ukivimulika, na stika zikishapigwa na jua la Mombasa na vumbi la klinka, ile malighafi ya saruji, hazirudishi mwanga kama zamani, zinakuwa za kijivu tu. Mzee mmoja wa yadi yetu, ambaye alianza kazi hizi sisi hatujazaliwa, hutuambia, "Wanangu, sisi jioni tulikuwa tunazunguka na dumu la mafuta ya taa, pointi moja baada ya moja, unajaza, unakata utambi, unafuta masizi kwenye kioo, ndipo shifti ya usiku ianze." Nimewahi kuishika kandili moja ya aina hiyo na wallahi ni kazi ya ufundi. Chuma kizito, vioo vinne vya duara, viwili rangi hii viwili rangi ile, na vile vioo vimechongwa miduara miduara ili kukusanya mwanga mdogo wa utambi na kuutuma mbali. Ni ufundi uleule aliouanzisha Mfaransa Augustin Fresnel kwa minara ya taa ya baharini miaka ya 1820. Kandili inakaa juu ya mti wa leva, ukivuta leva nayo inageuka, rangi inabadilika. Hakuna umeme, hakuna waya, na ilitumika kwenye reli za dunia nzima kwa miaka mingi sana.

Lakini hebu angalia kandili ile inasoma nini. Inasoma leva. Haijui ndimi ziko wapi. Na hapa ndipo nataka kila mtu anayefikiria kununua taa hizi za kisasa asimame kidogo, manake baadhi ya taa zinazouzwa zina kasoro hiihii ila zimevalishwa nguo mpya ya LED na paneli ya sola.

Leva na ulimi huachana kwa njia ambazo kila shanta anazijua. Kokoto moja ikiingia kati ya ulimi na reli ya pembeni, fimbo inayounganisha leva na ndimi ikiwa imechoka kidogo, leva inashuka na kukaa mahali pake vizuri kabisa lakini ncha ya ulimi iko wazi. Ama pini za fimbo zimelika, kuna uchezaji, leva inatembea safari yake yote na ndimi zinatembea robo tatu. Mbaya zaidi ni pointi ikikanyagwa kwa nyuma, yaani mabehewa yametoka upande wa pili wakati pointi haijawekewa njia yao, magurudumu yanazisukuma ndimi kwa nguvu na kupita, hakuna kilichoanguka, kila mtu anaendelea na kazi, kumbe fimbo imepinda. Leva inasema sawa. Kibao kinasema sawa. Kandili ingekuwepo nayo ingesema sawa. Kisha dereva anarudisha yaleyale mabehewa kutoka upande wa ncha, na hapo ndo yanaanguka. Hiyo hatari ya kurudi nyuma juu ya pointi iliyokanyagwa ndo mimi huiogopa kuliko zote.

Basi tulipoletewa taa za kujaribu zilikuwa za aina mbili kutoka kwa muuzaji mmoja, jina lake naliacha. Aina ya kwanza ni ya bei nafuu: sanduku la taa juu ya nguzo fupi, paneli ya sola, betri, na sensa moja ya sumaku iliyofungwa kwenye leva. Aina ya pili ni karibu bei maradufu, taa ileile, ila ina sensa mbili zilizofungwa chini kwenye ncha za ndimi, kila ulimi na yake, na kidude cha elektroniki kinacholinganisha. Kijani ni njia iliyonyooka, manjano ni njia ya pembeni, na nyekundu inayopepesa maana yake ndimi haziko kushoto wala kulia, ama sensa hazikubaliani.

Tukazipima. Kule Uingereza mafundi wakikagua kufuli ya pointi wana kipande cha chuma cha unene wa milimita 3.5, wanakiweka kati ya ulimi na reli ya pembeni, na kufuli haitakiwi kukubali kuingia kikiwa pale. Marekani kanuni zao za taa za ishara zinazungumzia robo inchi, kama milimita 6 hivi, kwa pointi inayoendewa kutoka upande wa ncha. Fundi wetu akachonga vipande viwili vya unene huo. Ile taa ya bei nafuu ikawaka kijani na kipande cha milimita 6 kiko ndani. Ya pili ikapepesa nyekundu kwa vipande vyote viwili. Kwangu mimi mjadala uliishia palepale, nikamwambia msimamizi taa inayowaka kijani na ulimi uko wazi ni hatari kuliko kutokuwa na taa, kwa sababu bila taa mtu anashuka anachungulia, na kijani ile inamfanya aone hakuna haja ya kushuka.

Kuna mtu atasema haya ni mambo ya yadi tu, kilomita 10 kwa saa, kitaanguka nini. Asome habari za Graniteville, South Carolina, kule Marekani. Tarehe 6 Januari 2005, saa nane na dakika 39 za usiku, treni ya mizigo inapita mji mdogo ikiwa kwenye maili 47 kwa saa, karibu kilomita 75, kwenye sehemu ambayo haina taa za ishara kabisa. Jioni iliyotangulia wafanyakazi wa treni nyengine waliegesha mabehewa yao kwenye njia ya kiwanda, wakaondoka, pointi ikabaki imeelekea kulekule kiwandani. Dereva hakuwa na chochote cha kumwambia mapema. Treni ikaingia njia ya pembeni ikagonga ile iliyoegeshwa, behewa la klorini likapasuka, watu 9 wakafa akiwemo dereva mwenyewe, na watu kama 5,400 wakahamishwa makwao. Pointi moja ya mkono! Bodi ya uchunguzi wa ajali ya huko, NTSB, ikapendekeza kwamba kwenye njia zisizo na taa za ishara, kama hakuna taa ya kuonyesha pointi imelala vipi ama mfumo mwengine wa kumjulisha dereva mapema, basi treni ziende mwendo unaoruhusu kusimama kabla ya kufika kwenye pointi iliyokaa vibaya. Nimelisoma pendekezo hilo mara nyingi. Halisemi tu weka taa, linasema mapema, na kwa mwendo unaoendana na unachokiona.

Nikae hapo kwenye mapema kidogo manake wauzaji hupenda kusema taa yao inaonekana kilomita moja. Kwenye yadi huihitaji hiyo kilomita, unahitaji kuiona wazi kutoka umbali wa mabehewa unayosukuma na zaidi kidogo. Lakini kama unafikiria kuifunga kwenye saidingi inayotoka njia kuu, treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo inaweza kuhitaji kilomita nzima na zaidi kusimama, na taa iliyoko kwenye pointi yenyewe, hata ionekane vizuri, kama kuna kona ama miti inakuja kuonekana wakati breki hazisaidii tena. Hapo unataka taa ya pili ya kurudia, imewekwa mbele huko kabla ya pointi, inayosema kile ambacho taa ya kwanza inasema. Seti yetu ina uwezo huo kwa redio. Sisi hatujaitumia, yadi yetu ni fupi na haina njia kuu, kwa hivyo siisifu wala siipondi.

Sasa rangi na mwangaza. Kwa uangavu sina lalamiko, usiku taa inaonekana kutoka mwisho wa yadi bila shida hata mvua ikinyesha. Shida ni manjano. Upande wa bandarini kuna mataa marefu ya mwanga wa rangi ya chungwa, na malori yamepanga foleni kwenye barabara ya nje na indiketa zao, kwa hiyo ukiangalia upande ule taa ya manjano inazama. Kijani inajitokeza vizuri, nyekundu pia, lakini manjano unatafuta. Tulichofanya ni kumwomba fundi aifanye manjano iwe ya mishumaa miwili, yaani vitaa viwili, iliyo wima, moja juu ya nyengine, na kijani ibaki moja. Ghafla ikawa huhitaji hata kufikiria rangi. Wajerumani walilijua hili tangu zamani, taa zao za pointi hazitegemei rangi hata kidogo, ni umbo jeupe kwenye weusi, mstatili uliosimama ukiwa pointi imenyooka, mshale ukiwa imepinda. Na kuna sababu nyengine ya kulipenda umbo: kuna wanaume ambao kijani na nyekundu kwao zinakaribiana na hawajui, na reli ililijua hilo kwa uchungu baada ya ajali ya Lagerlunda huko Sweden mwaka 1875, ndipo profesa Holmgren akaanza kuwapima macho wafanyakazi wa reli kwa nyuzi za sufu za rangi. Mimi ningependa kila seti inayouzwa ije na umbo na rangi pamoja, sio kitu cha kuongezea na fundi wa mtaa.

Kitu chengine cha kuangalia kwenye rangi: fungua kifuniko uone LED zenyewe ni rangi gani. Kama ni nyeupe nyuma ya kioo chekundu, ziache. Kioo kikipasuka, nyekundu inageuka nyeupe, na hii sio hofu ya kubuni, zamani za kandili reli nyingi zilikuwa zinatumia taa nyeupe kumaanisha njia safi, kioo chekundu kikivunjika dereva anaona nyeupe anapita, ndo maana wakaiacha nyeupe wakahamia kijani. Zetu LED zenyewe ni za rangi, kioo ni cha wazi, kikipasuka utaona taa ileile ila itaingia maji.

Jua nalo. Yadi yetu imelala karibu mashariki na magharibi, saa kumi na mbili kasoro jioni jua linaingia moja kwa moja kwenye kioo cha taa zinazotazama magharibi na unaona kama zimewaka zote. Kofia zilizokuja na taa ni fupi mno, nadhani zilichorwa na mtu wa nchi ambayo jua halimpigi usoni. Fundi alitengeneza kofia ndefu za bati nyeusi kwa ndani na tatizo likapungua sana, ila kuna dakika chache za jioni bado tunashuka tunaangalia kwa macho, na hiyo ni amri ya msimamizi, sio hiari.

Hali ya hewa ya huku pwani ndo mtihani wa kweli wa chuma chochote na hapa taa zimenishangaza kwa uzuri upande mmoja na kuniudhi upande mwengine. Sanduku la taa lina alama ya IP67, maana yake vumbi haliingii na linaweza kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa, na kweli masika yote yalipita, Mei hii yetu inayomwaga kuliko miezi yote, pointi mbili zilizoko kwenye bonde la yadi zilizama sensa na zote zikaendelea kufanya kazi. Zile sensa za chini ningezipa alama zote. Lakini boliti! Boliti zilizokuja nazo ni chuma cha pua cha aina ya 304, na kwa upepo wa chumvi kutoka Kilindini 304 inatoa madoa ya kutu haraka sana, ilitakiwa 316, ile ya vyombo vya baharini. Ni kitu cha bei ndogo ambacho muuzaji anayefikiria wateja wa Mombasa angekibadilisha kabla hata hajaleta mzigo. Tumezibadilisha wenyewe na kuzipaka grisi.

Paneli ziko sawa. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta, jua linapita karibu na utosi, huna haja ya kuziinamisha sana, lakini usizilaze kabisa, ziinamishe kidogo ili mvua izioshe, vinginevyo vumbi la klinka likichanganyika na umande linaganda kama plasta. Na kunguru. Mtu wa bara hataelewa, lakini kunguru wa Mombasa wanapenda kila kitu kilichoinuka, na mavi yao juu ya paneli yanapunguza chaji kuliko mawingu. Tumefunga nyaya nyembamba zilizosimama juu ya paneli na wamehamia kwenye paa la stoo. Betri ni za lithiamu fosfeti, sio zile za asidi, na hapo muuzaji alifanya uamuzi mzuri, joto la ndani ya sanduku mchana ni kali na betri za asidi zingekufa mapema. Siku za mawingu mfululizo taa zilipunguza uangavu zenyewe kuhifadhi chaji lakini hazikuzimika.

Wizi nao tuzungumze wazi kwa sababu kila anayeniuliza huishia hapo. Chuma cha reli na nyaya za shaba vina soko, kila mtu anajua, hata serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa muda mwaka 2022. Paneli ya sola iliyoko peke yake gizani inamwita mtu. Ndani ya yadi yenye ukuta na askari sisi hatujaibiwa, lakini nguzo tulizijaza zege na boliti za paneli ni zile ambazo vichwa vyake vinakatika ukishakaza, huwezi kuzifungua kwa spana ya kawaida. Kama saidingi yako iko wazi, inapita katikati ya makazi, zungumza na watu wa pale kwanza kabla hujazungumza na muuzaji, na chagua sanduku ambalo paneli yake ni ndogo na imeingia ndani ya kifuniko, hata kama chaji itakuwa ndogo.

Sehemu ya kufunga nguzo nimeona wengine wanaikosea kwenye picha wanazonitumia. Shanta hupanda kwenye ngazi ya behewa, mwili wake uko nje, anashika kwa mkono mmoja. Nguzo ikiwa karibu na reli itampiga. Taa fupi, za kufika magotini hivi, ni bora kuliko ndefu kwa yadi, na ziwe nje kabisa ya eneo la mtu anayening'inia, na zile nyaya za sensa zipite chini ya kokoto ndani ya bomba gumu, kwa sababu genge la reli wakija kushindilia kokoto kwa mashine hawataulizana na wewe nyaya ziko wapi.

Haya, na tabia ya watu je. Hapa nasema kwa moyo wote: taa imetusaidia, dereva anaingia yadini usiku ana utulivu, anaona kijani, manjano, kijani, anajua safari yake yote kabla hajaanza kusukuma, na kama kuna moja haiko sawa anauliza kwa redio kabla, sio baada. Makelele ya redio yamepungua. Lakini sheria ya kwanza tuliyoiandika ukutani ni kwamba taa iliyozimika ni nyekundu. Haijalishi kwa nini imezimika. Na sheria ya pili, aliyehamisha pointi bado anaangalia ndimi kwa macho yake, taa ipo ama haipo. Kule Cayce, South Carolina hiyohiyo, tarehe 4 Februari 2018, taa za ishara zilikuwa zimezimwa ili mafundi waboreshe mfumo, kazi ikarudi kwenye maneno ya mdomo, ikasemwa pointi imerudishwa njia kuu, kumbe haikurudishwa, treni ya abiria ya Amtrak ikaingia kwenye saidingi ikagonga treni ya mizigo iliyosimama, dereva na kondakta wakafa. Siku taa zetu zikizimwa kwa matengenezo nataka tuwe waangalifu mara mbili ya siku ambazo hatukuwa na taa kabisa.

Na taa haikazi nati. Potters Bar huko Uingereza, Mei 2002, watu 7 walikufa kwa sababu nati za fimbo za pointi zilikuwa zimelegea na pointi ikahama chini ya treni. Ulimi unaweza kuwa umebana vizuri dakika hii taa ikasema kijani kwa haki kabisa, behewa la kwanza likapita, la tatu likaukuta umeachia. Spana na grisi bado ni kila wiki kwetu, na fundi anaandika kwenye daftari.

Huduma baada ya kununua ni wastani. Muuzaji anajibu simu, mafundi wake wanajua kazi, ila vipuri vinatoka nje ya nchi na sensa moja iliyogongwa na genge ilichukua muda mrefu kufika, kwa hiyo mkinunua nunueni na sensa za akiba tangu mwanzo. Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza na Kichina, tuliomba cha Kiswahili, hakipo, tukaandika wenyewe karatasi moja na kuibandika ndani ya kifuniko cha kila sanduku.

Bei siitaji kwa sababu inategemea idadi na makubaliano, lakini seti ya sensa mbili ni pesa nzito kwa saidingi ndogo. Kama hela haitoshi pointi zote, anzeni na zile zinazoendewa kutoka upande wa ncha, na zile zinazokanyagwa mara kwa mara kwa nyuma. Zile za mwisho wa njia, ambazo zinatumika mara moja kwa wiki, kibao na tochi vinatosha kwa sasa, mradi zifungwe kwa kufuli.

Sisi awamu ya pili tumeshaagiza: sensa mbili kila pointi, manjano ya mishumaa miwili kutoka kiwandani, kofia ndefu, boliti za 316. Zile za sensa ya leva tulizojaribu zimerudishwa zote kwa muuzaji.